BIOS za emuleta: kwanini PS1 inakupa skrini nyeusi wakati SNES inacheza poa

Swali: "Nina kompyuta ya Windows na simu ya Android, kote nimeweka RetroArch. Gemu za NES na SNES zinafunguka bila shida ila za PS1 skrini inakuwa nyeusi tu au inanirudisha kwenye menyu. Nilidaunlodi zip moja kubwa ya BIOS nikamwaga mafaili yote kwenye folda la gemu, bado. Nakosea wapi, na kwanini hizo nyingine hazidai BIOS?"

Mkuu, hiyo zip kubwa iweke pembeni kwanza, ndo inayokuchanganya. Ina mafaili kibao ya konsoli ambazo wala huna mpango nazo, nusu yake yamebadilishwa majina na watu tofauti tofauti, na wewe kwa PS1 unahitaji mafaili matatu tu, tena ukiwa unacheza gemu za upande mmoja wa dunia linakutosha moja.

Nianze na hilo la kwanini, maana ukilielewa hili mengine hutahitaji kuyakariri. Konsoli za kaseti kama NES, SNES na Mega Drive, ukiziwasha prosesa inaenda moja kwa moja kwenye kaseti kusoma cha kufanya, kila kitu kimo mle, kwahiyo emuleta (programu inayoiga konsoli) ikishapewa faili la gemu haina cha kudai tena. CD ni habari nyingine kabisa. Prosesa haiwezi kuendesha programu ikiwa bado ipo kwenye CD, lazima kuwe na programu nyingine ambayo tayari ipo ndani ya konsoli, inayojua kuzungusha diski, kuisoma, kukagua kama ni diski ya kanda husika, alafu kupakia gemu kwenye memori na kuikabidhi usukani. Programu hiyo imekaa kwenye chipu ya ROM pale kwenye bodi na ndo hiyo BIOS. Ile nembo ya Sony na ule mlio mzito wa PS1 ikiwaka havipo kwenye CD hata kidogo, vinatoka kwenye BIOS. Ndo maana ukitazama orodha ya konsoli zinazodai BIOS utakuta nyingi ni za diski: PS1, PS2, Saturn, Sega CD, PC Engine CD, 3DO, hata Famicom ilipoongezewa kile kifaa cha disketi ikaanza kudai faili linaitwa disksys.rom wakati Famicom ya kaseti haidai kitu.

Na kazi ya BIOS haiishi kwenye kuwasha. Gemu ya PS1 ikiwa inaendelea bado inaiita BIOS mara kwa mara iifanyie vitu, kusoma faili kwenye diski, kuandika memori kadi, na mambo mengine madogo madogo, kwahiyo emuleta isipokuwa na hiyo BIOS gemu inaita na hakuna anayeitika. Skrini nyeusi unayoiona wewe mara nyingi ni hiyo.

Sasa kuna emuleta ambazo watengenezaji wake wameziandika upya zile huduma za BIOS kwa kodi yao wenyewe, kitu kinaitwa HLE. Kwenye RetroArch kori ya PCSX ReARMed inayo hiyo, ukiipa gemu ya PS1 bila BIOS itajaribu kutumia ya kwake (kori ni zile injini ndogo ndogo ambazo RetroArch inazipakia, moja kwa kila konsoli au zaidi, RetroArch yenyewe peke yake haichezeshi gemu). Ila nikwambie ukweli, ya kuandikwa upya inafungua gemu nyingi lakini sio zote, kuna zinazoganda mwanzoni, kuna ambazo memori kadi inazingua, na unaweza kucheza masaa mengi ndo ugundue kwamba haikusevu. Kori ya Beetle PSX yenyewe haina huo mjadala, bila BIOS halisi haianzi. Kwahiyo kama simu ina PCSX ReARMed na kompyuta ina Beetle usishangae vikikupa matokeo tofauti kwa gemu ile ile, ni kori mbili tofauti zenye masharti tofauti.

Haya, tuje kwenye kurekebisha. Tatizo la BIOS karibu kila mara ni moja kati ya mahali, jina, au chenyewe kilichomo ndani ya faili, na ukague kwa mpangilio huo huo maana la kwanza ndo rahisi na ndo lililokukamata wewe.

Mahali. RetroArch haitafuti BIOS kwenye folda la gemu, ina folda lake maalum linaitwa system. Kwenye Windows ukiwa umeinstoo kawaida lipo C:\RetroArch-Win64\system. Usinishike neno, fungua RetroArch yako uende Settings, alafu Directory, alafu mstari ulioandikwa System/BIOS, pale inakuonyesha yenyewe inatazama wapi. Mafaili yakae mle moja kwa moja, sio ndani ya folda ulilolipa jina BIOS ndani ya system, kwasababu haitachimba mpaka kule. Kuna kori chache zinazotaka folda dogo ndani yake na nitazitaja chini, PS1 sio mojawapo.

Kwenye simu ndo kuna kero. Mara nyingine RetroArch inaweka hilo folda la system ndani ya Android/data, na kuanzia Android 11 simu imefunga hiyo sehemu, programu nyingi za kufungulia mafaili haziruhusiwi kuingia, kwahiyo unakopi na haikopiki au unaona folda tupu. Usipambane nayo. Tengeneza folda lako mwenyewe kwenye memori ya kawaida ya simu, mfano RetroArch na ndani yake system, weka BIOS mle, alafu rudi kwenye ule mstari wa System/BIOS uuelekeze hapo, hakikisha umeipa RetroArch ruhusa ya kusoma mafaili, kisha uifunge kwa kutumia Quit ya kwenye menyu yake na uifungue tena. Nasisitiza Quit kwasababu kwa kawaida yenyewe inahifadhi mipangilio wakati wa kufunga, ukiisukumia mbali tu kwenye orodha ya programu zilizo wazi inaweza isihifadhi, kesho unakuta imerudi kule kule.

Jina. Beetle PSX inatafuta majina matatu, herufi kwa herufi: scph5500.bin kwa gemu za Japani, scph5501.bin kwa za Marekani, scph5502.bin kwa za Ulaya. Hizo namba ni modeli za PS1 zenyewe, ukigeuza konsoli utaikuta SCPH na namba yake kwenye stika. Na kori inachagua BIOS kwa kutazama diski ni ya wapi, kwahiyo kama una 5501 peke yake za Marekani zitacheza vizuri alafu ya Ulaya inakataa na unabaki unailaumu gemu. Watu wengi sana wanakwama hapa na kuhamia emuleta nyingine wakati kilichokosekana ni faili moja la nusu MB.

Kwenye Windows kuna mtego mwingine. Windows kwa kawaida inaficha ile sehemu ya mwisho ya jina la faili, kwahiyo unaona limeandikwa SCPH5501, unafikiri halina .bin, unabadilisha jina unaandika scph5501.bin, na kumbe sasa linaitwa scph5501.bin.bin. Kwa macho liko sawa kabisa ila emuleta hailioni. Nenda View kwenye dirisha la mafaili uwashe File name extensions, ndo utayaona majina kamili. Na kama siku moja utahamia kwenye RetroPie au Batocera kumbuka hizo ni Linux, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, SCPH5501.BIN na scph5501.bin kwake ni mafaili mawili. Kule BIOS zinakaa kwenye folda linaitwa BIOS ndani ya RetroPie, na kwa Batocera ni /userdata/bios.

Ukishaweka, usibahatishe kwa kufungua gemu, iulize RetroArch yenyewe. Pakia kori ya PS1 bila gemu, nenda Information alafu Core Information, shuka chini mpaka sehemu ya firmware (ndo inavyoziita BIOS). Utaona kila faili na hali yake, limepatikana au halipo, na kama ni la lazima au la hiari. Huo ukurasa mimi nauona una thamani kuliko maelekezo yoyote utakayosoma, maana unatoka kwenye kori unayoitumia wewe, kwa toleo ulilonalo wewe. Konsoli yoyote mpya unayotaka kuijaribu anzia hapo, inakutajia majina inayoyataka, unayatafuta hayo tu.

Lakini ina kikomo chake, yenyewe inaangalia kama faili lenye jina hilo lipo, haifungui kuona ndani mna nini. Unaweza kuchukua picha ya paka ukaiita scph5501.bin na bado itakwambia ipo. Hapo ndo tunakuja kwenye la tatu.

Kilichomo ndani. Anza na saizi, ni ya haraka. BIOS ya PS1 ni KB 512 kamili, yaani baiti 524,288, bonyeza faili kwa kulia, Properties, uone. Ikipungua au kuzidi hata baiti moja, ujue imeharibika au sio yenyewe. Saizi ikikubali angalia MD5, hii ni kama alama ya kidole ya faili, ukibadilisha baiti moja tu alama yote inabadilika. Huhitaji programu ya ziada, kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda la system uandike:

certutil -hashfile scph5501.bin MD5

Linux ni md5sum scph5501.bin, Mac ni md5 scph5501.bin. Kwa 5501 jibu linatakiwa liwe 490f666e1afb15b7362b406ed1cea246. Kwa 5500 ni 8dd7d5296a650fac7319bce665a6a53c na kwa 5502 ni 32736f17079d0b2b7024407c39bd3050. Usisome herufi zote mpaka macho yaume, linganisha sita za mwanzo na sita za mwisho, faili bovu halitakupatia hizo kwa bahati. Likikataa, hata kama mtu amekuhakikishia kwamba kwake linafanya kazi, liache. Kwenye zile zip kubwa ni kawaida kukuta mtu amechukua BIOS ya modeli nyingine akaibadilisha jina iwe 5502, gemu inaweza hata kuanza alafu ikakufanyia vituko vya kasi au kanda mbele ya safari, na hutajua chanzo.

Sasa unazitoa wapi, maana najua ndo swali linalofuata. BIOS ni programu yenye hakimiliki ya kampuni iliyotengeneza konsoli, emuleta ni halali na BIOS ni mali ya mtu, ndo maana emuleta zinazojiheshimu haziji nayo ndani. Hili lilishafika mahakamani Marekani: Connectix walitoa Virtual Game Station mwaka 1999 inayochezesha gemu za PS1 kwenye Mac, Sony wakawashtaki, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikasema kuichunguza BIOS ili uandike ya kwako inayofanya kazi hiyo hiyo inaruhusiwa. Kuandika ya kwako, sio kugawa ya Sony. Kwahiyo njia safi ni kuitoa kwenye konsoli yako mwenyewe. PS2 ndo inafanyika kirahisi zaidi, ukiwa na PS2 inayoweza kuendesha programu za homebrew (zilizotengenezwa na watu wenyewe, sio rasmi za Sony) kuna kitu kinaitwa biosdrain, unachomeka flashi, inakuandikia BIOS ya konsoli yako humo. Sikuelekezi tovuti za kudaunlodi na sababu sio sheria peke yake, faili ulilolitoa mwenyewe unajua limetoka wapi, huna haja ya kushangaa mwezi mzima kama ndilo lenye shida. Na kuna konsoli moja ambayo haina utata kabisa, PS3, pale firmware yake Sony wenyewe wameiweka wazi kwenye tovuti yao, faili linaitwa PS3UPDAT.PUP, na RPCS3, emuleta ya PS3, inaiinstoo hiyo hiyo.

Nipitie nyingine kwa haraka ili usirudi kumwaga zip nzima. GBA (Game Boy Advance) haikulazimishi, emuleta ya mGBA ina ya kwake na inacheza vizuri sana, ukitaka halisi ni gba_bios.bin ya baiti 16,384, mimi naiweka kwa ajili ya ile nembo tu. DS ni hivyo hivyo, melonDS ya sasa ina mbadala wake ndani, halisi ni bios7.bin, bios9.bin na firmware.bin, matatu yote pamoja. PSP hakuna, emuleta yake PPSSPP haihitaji BIOS kabisa, anayekuuzia "BIOS ya PSP" anakudanganya. Sega CD kwa Genesis Plus GX ni bios_CD_U.bin, bios_CD_E.bin na bios_CD_J.bin, angalia hizo herufi kubwa zilivyokaa. Saturn kwa Beetle Saturn ni sega_101.bin ya Japani na mpr-17933.bin ya Marekani na Ulaya. Dreamcast ndo ile niliyosema ina folda lake, Flycast inataka folda linaitwa dc ndani ya system, na dc_boot.bin ikae mle, ingawa gemu nyingi zitafunguka hata bila hiyo. Neo Geo ni kinyume cha nyingine zote: neogeo.zip haifunguliwi, inabaki zip vile vile na inakaa pamoja na gemu zake, ukiifungua umeiharibu, na iendane na toleo la emuleta maana orodha ya yaliyomo hubadilika toleo kwa toleo.

PS2 nayo haina njia ya mkato ukitumia emuleta ya PCSX2, bila BIOS haiwashi. Faili lake kubwa ni MB 4. Uzuri wake, sawa na DuckStation ambayo ni emuleta ya PS1, haijali jina la faili, unaielekeza folda na yenyewe inasoma kilichomo na kukutajia ni ya wapi na toleo gani. Ndo maana mtu anayeanza na anataka PS1 tu kwenye kompyuta huwa namwambia aanze na DuckStation badala ya RetroArch, kero ya majina inaisha hapo hapo.

Na DuckStation ina kitu kingine nakipenda kwa kupima: kwenye menyu kuna Start BIOS. Inawasha konsoli bila diski, kama vile umewasha PS1 yako bila kuweka CD, na ukiona ile menyu ya memori kadi na CD pleya imetokea, BIOS yako ni nzima, funga huo mjadala. PCSX2 nayo inayo.

Kama BIOS ni nzima na bado skrini nyeusi, basi tatizo ni gemu, na kwa PS1 mara nyingi ni faili la cue. Gemu za PS1 huja na faili kubwa la .bin lenye data na dogo la .cue linaloeleza hiyo data imepangwaje. Fungua hilo la .cue kwa Notepad, ni maandishi ya kawaida, mstari wa kwanza unakuwa hivi:

FILE "Gemu Yangu (Europe).bin" BINARY

Jina lililo ndani ya hizo alama za kunukuu lazima lifanane kabisa na jina la .bin ulilonalo pembeni yake. Watu wanabadilisha jina la .bin ili lipendeze kwenye orodha alafu wanasahau .cue, na matokeo yake yanafanana mno na ya kukosa BIOS. Rekebisha ule mstari, sevu, na RetroArch uifungulie .cue, sio .bin.

Jambo la mwisho kabla hujaanza kugusa. Kama kuna gemu ulikuwa unaicheza kwenye simu kwa ile BIOS ya kuandikwa upya, usitegemee sevu steti zake (zile unazosevu kwa menyu ya emuleta, sio ndani ya gemu) zitafunguka vizuri ukishaweka BIOS halisi, sevu steti inabeba hali ya memori nzima ikiwemo ya BIOS iliyokuwepo wakati ule. Memori kadi haina shida hiyo. Kwahiyo ingia kwanza kwenye gemu, nenda mpaka sehemu ya kusevu ya gemu yenyewe, isevu kwenye memori kadi, toka, alafu ndo uweke scph5501 yako kwenye system.